Paa la Hamisi Huko Ng'ambo

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu, pale Kimamba, inaniuma mpaka leo. Nakuandikia kwa sababu nasikia umenuna, eti mwenzako kaitwa kuezeka hoteli Mikumi, wewe ukaachwa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitasema bila kupamba.

Mimi na Hamisi tulijifunza kuezeka kwa Mzee Mkude. Wakaja watu kutoka mjini kutafuta fundi wa nyasi na kamba ya katani, akaezeke banda la taifa letu kwenye maonyesho ya dunia, huko ng'ambo. Lilichorwa la mviringo, kama msonge wa bibi zetu, ila kubwa mno. Wakamchagua Hamisi. Wivu ukanishika, chai yangu nikaimwaga chini.

Alipokuja kuaga nikamwambia mbele za watu, "Nenda salama, fundi wa mabanda. Sisi wa nyumba tunabaki. Kuku wa huko uwasalimie."

"Salamu zitafika," akasema. "Niwaambie zimetoka kwa jogoo gani?"

Watu wakacheka, na aliyechekwa ni mimi. Mzee Mkude hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Unamwonea wivu Hamisi, na Hamisi huwezi kuwa. Lionee wivu paa lake. Hilo unaweza kulijenga."

Nikaitikia "Ndiyo, mzee," huku moyoni namtukana.

Hamisi aliporudi alileta picha. Niliishika muda mrefu nikitafuta kasoro. Paa lilikuwa la tabaka mbili, la juu limelifunika la chini kama kofia, katikati pameachwa wazi hewa ipite. Nguzo ya kati haikuwepo. Nikatafuta kinacholishikilia, nisikione. Mwisho nikaweka kidole katikati ya picha.

"Hamisi, hapa ulifungaje?"

Sijawahi kusema neno gumu kama hilo. Akachuchumaa, akanichorea mchangani.

"Nilidhani hutauliza," akasema.

Kwa mafunzo yale nimejenga kwangu Mabwerebwere, na huko Mikumi wageni wanayapiga picha mapaa yangu. Lakini yeye alivuka bahari, mimi sikuvuka. Wakianza kumsifu barazani, mimi naondoka. Sikudanganyi kwamba wivu unakwisha.

Basi, mwanangu, acha kumsema mwenzako vijiweni. Panda gari uende Mikumi, msalimie vizuri, mtazame anavyofunga, na usichokijua uliza, hata akikucheka. Mungu akujalie mikono isiyochoka na uso usioogopa kuuliza, na mapaa yako yasivuje kamwe.