Nta ya Oddvar

Oddvar Brekke aliendesha basi mpaka akastaafu, na hakuna abiria aliyewahi kumsifu. Sifa zake, hizo chache alizokuwa nazo, zilitoka kwenye nta. Kila likizo ya majira ya baridi, familia ikipanda kwenye kibanda chao cha mlimani, yeye ndiye aliyezipaka nta skii za kila mtu, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ili zisirudi nyuma zikipanda mlima. Kule Norwei mwanamume anaweza kukiri hajui kupika, hata hajui kupenda. Kukiri hajui nta, thubutu!

Sasa mwaka huu binti yake, Ingvild, akaja na skii mpya juu ya gari, zile zenye manyoya chini yanayoshika theluji, zisizotaka nta kabisa.

"Baba, pumzika. Hizi unavaa tu, unaondoka."

"Hata ndala unavaa tu, unaondoka."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wakakubaliana: leo watavaa za zamani, kwa nta ya baba. Theluji ikizinasa njiani, basi, kopo la nta liingie kabatini na baba apewe kazi ya kumenya viazi.

Oddvar akatoka nje, akavua glavu, akafinya theluji kiganjani, akainusa. Akachagua nta ya tyubu, ile laini inayonata kama asali.

"Ya tyubu?" mkewe, Gunnvor, aliuliza kutoka dirishani. "Hiyo ni ya theluji kuukuu. Na lile wingu likimwaga mpya?"

"Linapita."

"Hata siku ya harusi yetu ulisema linapita. Nikaolewa nimelowa."

Wakapanda. Nta ilishika vizuri mno. Hakuna aliyerudi nyuma hata kidogo, na Oddvar akawa anapiga mluzi. Miti ikazidi kuwa mifupi, kisha ikaisha, ukabaki weupe juu ya weupe, hata mtu asijue kama anatembea au anaota anatembea. Hapo ndipo wingu lilipofika. Halikupita. Lilikaa, likaanza kumwaga theluji mpya, kavu, nyepesi kama unga, ikagandamana na ile nta mabonge kwa mabonge.

"Baba!" Ingvild aliita, amesimama juu ya mabonge yake. "Leo nimekupita urefu!"

Wakanasa kabisa. Wakachimba shimo la kukalia, wakatandika ngozi, wakala machungwa na chokoleti. Theluji ilishuka bila sauti, ikafuta nyayo zao, ikafuta mlima, na Oddvar alimenya chungwa lake taratibu kama anayefanya mazoezi ya viazi.

Gunnvor akainuka wa kwanza. Tangu avunjike nyonga, mteremko ule alikuwa akiushuka kwa miguu, skii zake amezikumbatia kama kuni. Safari hii hakuzivua. Akaziweka mdomoni mwa mteremko, na zile skii, kwa mabonge yake, zikagoma kukimbia. Zilimshusha polepole, polepole kama unyoya, mpaka koti lake jekundu likawa doa, kisha likawa hakuna.

Wawili wale wakasubiri. Oddvar hata kutafuna aliacha.

"Nimeshukaaa!" Sauti ilitoka chini kwenye ukungu, yenye kicheko cha msichana. "Oddvar! Mwakani mimi unipake hii hii!"

Ingvild akamtazama baba yake. "Bahati tu hiyo."

"Bahati? Kwani unadhani asubuhi nilikuwa nanusa theluji kwa ajili ya nani?"

Uongo mkubwa kuliko mlima wenyewe, na Ingvild alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakwangua nta yake kwa kisu, akashuka mbio kama jiwe.

Oddvar hakukwangua. Akaitia ile tyubu kwenye mfuko wa ndani, isigande, akafuata alama za mkewe, polepole, polepole, ndani ya weupe.