Kilima cha Mama Elieth

Biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, malori yalijaa soko la nafaka la Kibaigwa, na Meshack, mwenyeji wa Haneti, hakukosa kazi. Alichora simba na milima ya buluu kwenye milango ya malori. Mkono wake ulikuwa mwepesi; dereva hajamaliza chai, simba keshatoka.

Mkewe Ruthu, mama Elieth, aliugua vikope tangu utotoni. Kope zilijikunja kwa ndani, zikawa zinamkwaruza mboni kila akipepesa. Hospitali waliambiwa wamechelewa: kope zingenyooshwa, ila ukungu ulioingia machoni usingetoka. Njiani Ruthu aliomba jambo moja tu, achorewe kilima cha kwao Haneti kabla giza halijamfunika.

Walikwenda baada ya mvua za kwanza. Meshack aliegemeza ubao kwenye jiwe, akapaka buluu harakaharaka. Ruthu akausogeza hadi puani.

"Baba Elieth, hiki ni kilima cha lori. Mimi nataka kile."

Meshack alinuna, kisha akatulia, akaangalia. Kwenye kilima hicho alichunga mbuzi utoto wake wote, lakini ni kama hakuwahi kukiona. Mawe yalikuwa na wekundu wa chungu kilichotoka motoni. Kivuli cha wingu kilipopita, majani mabichi yaligeuka zambarau. Kila alipopata rangi, kilima kilikuwa kimeshabadilika.

Jua likiinama alimpa ubao. Ruthu aliukodolea sana, halafu akasema anaona mwanga tu. Hakulia. Alimwomba amsimulie, naye akamsimulia rangi moja baada ya nyingine.

Tangu hapo kila jioni alimletea alichokiona. Madereva walinung'unika kwamba fundi amekuwa mzito, wengine wakamhama. Hakujali.

Macho yalipozima kabisa, Ruthu alimuuliza uso wake mwenyewe ukoje siku hizi. Meshack akajibu ni ule ule wa siku aliyomwoa.

"Usinidanganye. Angalia."

Akasogeza kigoda, akamtazama kama alivyotazama kilima. Akamtajia mvi za upande wa kushoto, mikunjo miwili pembeni mwa mdomo, na weupe wa macho, kama maji yaliyooshewa mchele. Ruthu aligusa kila alipotajiwa. Alipofika machoni, vidole vikabaki pale pale.

"Endelea," akasema.

Meshack akamshika mkono. Wakakaa hivyo, moto wa jikoni ukizimika wenyewe.