Lengalenga ya Shule

Juzi nilikuwa ofisi ya kata hapa Ujiji, nasubiri muhuri. Akaingia mama mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, miguu imejaa udongo. Akamwambia karani kwamba mwanawe amenyimwa mboga shuleni, ameambiwa lengalenga, yaani mchicha wa bustani ya shule, ni ya watoto wa wenyeji.

"Ndivyo tulivyopanga, mama," karani akajibu bila kuinua macho. "Chakula cha mkimbizi kiko kambini."

"Mbegu za hiyo lengalenga nilikuja nazo mimi, nimezifunga kwenye pindo la kitenge. Kiangazi chote tumeteka maji ziwani, mimi na wazazi wenzangu. Siku zile hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi."

Karani akanawa mikono, akafunua bakuli lake. Ugali, na lengalenga iliyoungwa kwa mawese. Nikamuuliza mboga kanunua wapi.

"Sinunui. Mwalimu hutuletea za shule kila Ijumaa."

Karani mwenyewe hana mtoto pale shuleni. Nilimuuliza na hilo. Mama alikuwa bado amesimama, anamwangalia anavyomega tonge.

Nilibakiwa na swali moja, nalileta hapa gazetini kwa sababu pale ofisini mwenye kujibu alikuwa anatafuna. Yeye aliteka ndoo ngapi?