Binti wa Magwangala na Funguo za Dawa Kali

Siku yangu ya kwanza wodini, Shinyanga, Muuguzi Mkuu hakuanza na sindano. Alinionyesha kabati la dawa kali, zile zinazotuliza maumivu na kuua zikizidi. "Ukikosea dozi, njoo useme mwenyewe," akaniambia. "Nikisikia kwa mwingine, rudi kwenu ukalime pamba." Nilimwogopa mama yule, lakini neno lake nililibeba kazi yangu yote.

Baadaye nilihamishiwa kufundisha chuo cha uuguzi upande wa Geita. Nilipopeleka wanafunzi mazoezini kwenye zahanati moja karibu na Segese, nilimkuta Kabula akifagia. Alikuwa akitumikia kifungo cha nje, yaani adhabu ya kufanya kazi za jamii badala ya kulala gerezani. Kosa lake lilikuwa kuruka uzio wa mgodi kuokota magwangala, mawe ya mabaki ambayo watu huyatwanga wakitafuta chembe za dhahabu. Akishamaliza kufagia, aliwashika mkono wajawazito wakipanda kitandani. Nilimpenda palepale.

Masomo ya sayansi alikuwa amefaulu, na alitaka uuguzi tu. Tatizo ni kwamba chuo chetu kilidai cheti cha polisi cha tabia njema, kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Mjomba wake akamshauri aombe kwa jina la kanisani, kwa kuwa mahakamani alijulikana kwa jina la nyumbani. Huku kwetu wengi wana majina mawili, na hudhani serikali inajua moja tu.

"Mayu, niandike lipi?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Yote mawili. Vidole havibatizwi. Tena useme kosa lako mwenyewe kabla cheti hakijafika."

"Wakinikataa?"

"Utaomba tena."

Alisema, na walimkataa. Mkuu wa Chuo alivua miwani, akaniuliza. "Mama Masanja, aliyeiba mawe nimkabidhi morfini?" Nilikasirika, maana kanuni yetu haikumfungia mlango mwenye kosa, ilitaka apimwe. Kabula hakulia. Alirudi zahanati kujitolea, na usaili wa mwaka uliofuata akaingia tena, akaanza na kosa lake kabla ya salamu kupoa.

Mkuu akamuuliza, "Umezidisha dozi, hakuna aliyekuona. Utafanyaje?"

"Nitasema, kama ninavyosema hapa mwaka wa pili."

Mkuu alinitazama, kisha akasema, "Aandikishwe."

Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Vijana wa machimboni wenye kesi hunijia wakiuliza kama wafiche. Nawaambia kosa linaweza kukuchelewesha. Uongo ndio utakaokufukuza ukiwa umeshavaa sare.

Majuzi Mkuu yule, naye mstaafu, alivunjika mguu kwa bodaboda pale Buseresere. Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta wodini akiugulia, anauliza nani ana funguo za kabati la dawa kali.

"Ninazo mimi, Mkuu," Kabula akamjibu, amevaa sare ya uuguzi.

Mzee akapandisha mkono wa shati, akamnyooshea amchome sindano.