Tundu la Sinki Lililogeuzwa Mara Mbili

Saa mbili asubuhi, sebuleni hakuna pa kukanyaga. Makochi yamesukumwa ukutani, na katikati ya sakafu imelala kalibu ya mbao ya kumiminia zege, yenye urefu wa mita mbili. Mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mama Zege amepiga magoti, anang'oa misumari mmoja mmoja.

Ndani mna kaunta ya jikoni: saruji nyeupe, kokoto ndogo na vipande vya chupa za kijani. Imekaa siku saba chini ya magunia yaliyoloweshwa maji. Sebule ndiyo kiwanda, maana vyumba vingine sakafu zake zimebonyea.

Mumewe, fundi aliyemfundisha kazi hii, yuko kitini karibu na mlango. Miaka miwili iliyopita chokaa ilimrukia machoni, na sasa haoni kitu. Oda zimeshuka kutoka nne kwa mwezi hadi moja, nayo haiji kila mwezi. Watu wanawapa pole nyingi, kazi hawawapi.

Kaunta hii ni ya mteja anayejenga nyumba sita. Ikimpendeza, atawapa na kazi ya tano zilizobaki.

Kaunta humiminwa kifudifudi. Uso utakaoonekana hulala chini ili utoke laini, kwa hiyo mchoro lazima ugeuzwe: cha kushoto kiwe kulia. Kugeuza ni kazi ya mume tangu zamani, na hata baada ya kupofuka hakuiachia. Mkewe humsomea mchoro, yeye huinamisha kichwa, kisha humtajia vipimo.

"Hiyo ndiyo kazi pekee iliyombakia," anasema Mama Zege kwa sauti ya chini.

Majirani watatu wanaingia na kumsaidia kuipindua. Mmoja anatania kwamba ilivyong'aa, hatahitaji tena kioo cha kunyolea. Mama Zege hacheki. Analitazama tundu la sinki, anautazama mchoro, analitazama tena tundu. Liko kulia. Mabomba ya mteja yako kushoto.

Anakaa sakafuni.

Mumewe anausikia ukimya na kuja akipapasa. Mkono wake unatembea juu ya kaunta mpaka unazama tunduni.

"Sikugeuza," anasema. "Basi hata akili imenitupa mkono."

Mama Zege angeweza kunyamaza, na mumewe angejilaumu maisha yake yote.

"Uligeuza, baba watoto. Nami nikageuza tena."

Siku ile ya kutajiwa vipimo alimsikia mumewe akisitasita. Akahofia amesahau kugeuza, akaona haya kumwuliza, akavipindua vipimo kimyakimya. Mumewe anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anarudi kitini.

Mteja anafika mchana, anapima, anasema pole, anaondoka. Nyumba tano zinaondoka naye.

Kaunta itakatwa iwe mabenchi, kama yupo atakayeyanunua. Lakini si hilo linalomliza mama huyu. Tangu asubuhi mumewe hajamsemesha.

Saa kumi na moja jioni anapigilia kalibu ndogo ya meza yenye tundu la chungu cha maua upande mmoja. Hakuna aliyeiagiza. Anamsomea mumewe mchoro wake, polepole, mara mbili.

"Sina tumaini jingine," anasema, kama anayejisemea. "Anitajie tu vipimo. Nitaviandika vilevile atakavyovitaja."

Anasubiri na penseli mkononi. Mzee ameelekea ukutani, na karatasi bado haina kitu.