Sare Kwenye Kamba

Kila Jumamosi mama yangu alifua sare ya mtu ambaye hakuwepo. Alikoroga uji mwepesi wa muhogo, akalichovya shati la kaki humo, akalikamua na kulitundika kwenye kamba ya uani, na jua la mtaa wetu wa Kyebando likalikausha hadi likawa gumu kama lina mtu ndani. Kisha alitia makaa kwenye pasi, akalowesha ncha ya kidole kwa mate, akaigusa pasi na kusikiliza. Hakuwahi kuunguza nguo. Jumamosi iliyofuata shati hilohilo, ambalo jasho halikuligusa wiki nzima, liliingia tena kwenye beseni.

Baba alikuwa polisi na alikuwa mtu wa kaskazini, na katika miaka ile ya mwanzo ya utawala wa wanajeshi mambo hayo mawili yakikutana yalitosha. Walikuja mchana, wanaume watatu wenye suruali zilizopanuka chini na viatu vya visigino virefu. Mmoja akasema, karibu kwa upole, "Afande, twende kidogo. Iko maulizo." Baba akaacha chai yake mezani. Mama akakifunika kikombe kwa kisahani ili chai isipoe.

Hakulia. Hakulia siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Alikwenda kuuliza kituo hadi kituo, akarudi na vumbi miguuni, akapika, tukala.

Tulikaa kwenye vyumba vya kupanga vilivyotazamana, uani pakiwa na bomba moja la maji. Mtu akifiwa pale, wanawake walibeba mikeka wakaja kukaa naye. Lakini sisi hatukuwa na maiti. Kumpa mama pole ya msiba kungekuwa kumzika baba akiwa hai, na tena ni kumwambia yeyote anayesikiliza kwamba unahesabu watu wanaopotea. Kwa hiyo majirani walisubiri machozi ya mama yawaambie la kufanya. Machozi hayakuja. Badala yake, kila Jumamosi, likaja shati.

"Mimi nikiibiwa kuku nalia mpaka Nakivubo wanisikie," alisema jirani yetu Mkenya, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza mandazi kwa wapagazi wa sokoni huko Nakivubo, na ambaye wote tulimwita Mama Mandazi. "Huyu amenyang'anywa mume mzima, anapiga pasi!"

Wanawake waliokuwa bombani wakacheka. Wakaniona na debe langu, wakanyamaza.

"Labda anajua aliko," mmoja akasema, akitazama maji.

Labda. Neno hilo lilizunguka uani kama kuku asiye na mwenyewe. Labda baba alikuwa salama mahali fulani na mama alijua bei iliyolipwa. Labda aliyemuuza ni mama mwenyewe. Salamu zikawa fupi. Mazungumzo yalikatika tulipopita na kuendelea tulipokwisha kupita.

Sasa naandika riwaya, na jioni tunapokutana waandishi tunabishana sana kuhusu hisia, zimo ndani yetu kwa kazi gani. Rafiki yangu mmoja hudai kwamba hofu ni ya miguu, ili ikimbie. Hasira ni ya mikono. Kinyaa ni cha ulimi, ili uteme kilichooza. Machozi ndiyo humshinda, kwa kuwa yanaziba macho saa ileile unayotaka kuona. Mimi humjibu kwamba machozi hayakuwekwa kwa faida ya macho ya anayelia. Ni ya macho ya wengine. Mtoto mchanga hawezi kukimbia wala kupiga, basi amepewa maji na sauti ili mtu aje.

Na shaka? Shaka ni hofu iliyokosa adui wa kumkimbia, ikakaa chini, ikaanza kufikiri. Miaka ile hatukumjua adui kwa sura. Angeweza kuwa mnunuzi wa mandazi. Kwa hiyo hofu ilikaa uani kwetu mchana kutwa, ikafikiri, na ilipochoka kufikiri ikamtazama mama.

Hata mimi nilimtazama. Nilichunguza alivyokula, alivyolala, alivyochana nywele zake kabla ya kwenda vituoni. Siku moja nilimuuliza, "Mama, shati hilo unalifulia nini?"

"Wapita njia wakiona sare kwenye kamba watajua nyumba ina mwanamume."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine nililala nayo kitandani. Baba aliacha mashati mawili: hili zuri lenye vifungo vipya, na la zamani, kola imechakaa na kwapa limeshonwa kwa uzi mweupe, ambalo lilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Baba mwenyewe alikuwa ameacha kulivaa. Mama hakulitoa hata siku moja.

Kisha mwenye nyumba akaja, mzee wa Kiganda, mtaratibu, kofia kichwani. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Nyabo, mimi sina ubaya na wewe. Rakini watu naongea. Nasema hapa iko mtu wa kupereka maneno."

"Maneno gani, ssebo?" mama akauliza, akimwita bwana kwa Kiganda kama yeye alivyomwita bibi.

"Sasa hiyo mimi sijui. Mwezi ukiisha, tafuta pahari."

"Nimekusikia, ssebo," mama akasema, uso wake mkavu kama kitambaa kilichotiwa wanga.

Hatukuwa na pa kwenda. Barabara ya kaskazini ilikuwa na vizuizi, na kwenye vizuizi waliuliza lugha ya kwenu. Na baba akirudi, angebisha mlango ule na kufunguliwa na mgeni.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa bombani. Nilikuwa wa kwanza kufika, lakini debe langu lilisukumwa hadi mwisho. Ndipo niliposikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mama, nyembamba mwanzoni, halafu ikapanuka ikajaza ua wote. Wanawake wakatazamana. Tukakimbia, maji yakimwagika nyuma yetu.

Mama alikuwa sakafuni, shati la kaki mapajani. Mgongoni mwa shati, mahali pa katikati ya mabega, palikuwa na alama ya pasi, kahawia, kingo zake nyeusi, bado inafuka moshi.

"Nimeunguza shati lake!" alilia. "Atavaa nini akirudi? Jamani, atavaa nini?"

Wa kwanza kupiga magoti alikuwa Mama Mandazi. Alimkumbatia mzima mzima. "Pole, dada yangu. Lia. Lia tu, sisi tuko." Naye akaanza kulia, kwa nguvu zile alizotuahidi za kuku. Mikeka ikaja. Mtu akawasha makaa ya chai. Mwenye nyumba akaja pia, safari hii akavua kofia na kuingia.

"Kitalo, nyabo," akasema, kisha akashtuka. Ni neno ambalo Waganda humwambia mfiwa. Alitazama dirishani, akalitazama shati, akamalizia polepole, "Kitalo... ya shati."

Hakuna aliyecheka. Wote tulielewa tumepewa ruhusa. Hakuna askari ambaye angemkamata mtu kwa kulilia shati, basi tukalilia shati hadi jua likapungua, na mzee hakusema tena habari za mwezi kuisha.

Walipoondoka nililiokota shati nilikunje. Kola ilikuwa imechakaa. Kwapani niliona uzi mweupe.

"Mama," nikasema, "hili ni lile la zamani."

Alilichukua mikononi mwangu. Macho yake yalikuwa bado mekundu. Alilikunja mwenyewe, alama ya pasi ikawa ndani.

"Rudisha mikeka ya watu," akasema. "Ukifika kwa Mama Mandazi usikimbilie kurudi. Kaa kidogo. Mwache akuulize habari zangu."

Nikabeba mikeka. Mlangoni niligeuka. Alikuwa ametia kwenye pasi makaa ya chai yaliyobaki, na kulitandaza mezani lile zuri lenye vifungo vipya. Alilowesha kidole, akaigusa pasi, akasikiliza, akaanza kulipiga pasi taratibu akiwa ameinama. Machozi yalidondoka juu ya kaki na pasi ikapita juu yake, kila tone likitoa mlio mdogo, na hapakuwa na mtu wa kuyaona isipokuwa mimi.