Mtu mbaya anaweza kuwa shujaa wa tanzia? Tumemzika baba mdogo Koboko

Jumamosi iliyopita, asubuhi, nilimpoteza baba mdogo.

Wakuu, nawasalimu kutoka Arua. Nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale panapotuaibisha ukoo. Shule yangu iliishia darasa la saba, mnivumilie.

Baba yangu alipokufa, huyu ndiye aliyenichukua kwake Abuku, huko Koboko, akanilea. Niliwahi kuugua vibaya, akanipeleka hospitali Arua kwa baiskeli. Kila penye mashimo alishuka akasukuma, nisitikisike.

Huyo ndiye baba mdogo ninayemjua mimi.

Kijijini wanamjua mwingine. Ujanani alikuwa askari, akatumwa kijijini kwao kutafuta watu waliojificha. Mmoja alikuwa rafiki yake, walichunga mbuzi pamoja. Baba mdogo alijua maficho yake. Akaenda, akamtoa, akampeleka kwa wakubwa wake.

Yule rafiki hakuonekana tena. Dada yake, Mama Zaituni, ni jirani yetu hadi leo.

Sasa, pale kwetu kaburi halichimbwi kabla mwenye neno na marehemu hajalisema. Siku ya mazishi Mama Zaituni alikuja, akaketi palepale tulipopima kaburi.

Hakusema kitu. Jua likapanda.

"Leo tumeshika majembe kama bibi harusi na maua," mchimbaji mmoja akanong'ona.

"Nyamaza wewe! Huyu mzee hata akifa iko anapiga mutu," akajibu mwenzake.

Binti wa marehemu, tunamwita Mwalimu, anafundisha fasihi shule moja Ediofe. Akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, baba aliniambia alidhani akimpeleka yeye mwenyewe, hawatamgusa. Aliamini sare yake itamlinda. Darasani mtu wa hivyo tunamwita shujaa wa tanzia. Anaangushwa na kosa lake mwenyewe, na bado tunamlilia."

"Shujaa?" Mama Zaituni akamtazama. "Wewe Mwalimu, shujaa yako iko na sanduku, iko na watu ya kulia. Ndugu yangu iko wapi?"

"Sijui, mama. Hata baba hakujua. Aliuliza, akauliza, mpaka wakamfukuza jeshini."

"Hiyo hakuniambia."

"Aliona aibu."

"Miaka yote mimi napita hapa na maji, yeye naangalia chini. Mimi nasema, huyu iko na kiburi."

Wakuu, hapo nililia. Sentensi moja tu ingetosha, naye alikufa nayo.

Nilichojifunza ni kwamba naweza kumlilia bila kumtetea. Kama neno shujaa linamfuta yule rafiki, silitaki. Kama maana yake ni mtu aliyeharibu kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaishi akijua, basi baba mdogo alikuwa huyo. Mliosoma kunizidi, mnasemaje? Hata mkimtukana nitasoma, maana wenye haki ya kumtukana wapo.

Namalizia siku yenyewe. Mama Zaituni alinyoosha mkono, Mwalimu akamwinua.

"Chimba," akawaambia vijana. "Lakini mimi sijasamehe."

Akaondoka kabla ya maombi. Tulipomaliza kuzika, Mwalimu alimpelekea chakula. Alikipokea mlangoni, akasema asante, akafunga mlango.